Kitu Kilichozidi

“Usichore mwanamke,” mwalimu alimwambia. “Hapa hakuna mwanamke. Kuna maumbo tu. Duara pale juu, pembetatu mbili hapa chini, na nafasi tupu kati ya mkono na kiuno. Anza na hiyo nafasi tupu.”

Mzee akafuta alichochora, akaanza upya. Mbele ya darasa, kando ya dirisha, mwanamke waliyekuwa wakimchora alikaa kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani, kimya kama picha yenyewe.

Wanafunzi walikuwa saba, na sita kati yao wangeweza kuwa wajukuu zake. Yeye hakuja kujifunza kuchora. Miezi mitatu nyuma dada yake, akiwa hoi kitandani, alimtobolea siri aliyomficha miaka ishirini na mbili.

“Binti yako yuko hapa hapa mjini. Kila Jumamosi asubuhi yuko kwenye ile shule ya uchoraji, juu ya duka la vitambaa. Nenda, kabla hujawa kama mimi.”

Alimwacha binti huyo akiwa na miaka saba. Alimwambia akae kwenye ngazi amsubiri, anarudi sasa hivi.

Siku ya kwanza alipanda kwenda shuleni. Akamwona mwalimu: mrefu, sauti kavu, anatembea mikono nyuma kama alivyotembea marehemu mama yake. Moyo ukamlipuka. Ndiye! Hakutazama kwingine. Akajiandikisha kwa jina la ukoo wa mama yake, akanunua penseli, akajiambia atasema siku atakapomfurahisha.

Kumfurahisha kulikuwa na kazi yake.

“Macho ya watu ni mavivu,” mwalimu alisema, ameishika picha yake juu ili wote waione. “Yakiingia kwenye picha, wewe ndiye wa kuyaambia yaanzie wapi, yapite wapi, yatulie wapi. Ya kwangu yameingia hapa, yamepotea. Nani ataniokotea?”

Darasa likaangua kicheko. Mzee naye akacheka. Kukemewa na mwanawe mbele za watu kulimwingia kama asali.

Nyumbani alikata karatasi nyeusi vipande vipande, akavipanga juu ya karatasi nyeupe, akavipangua, akavipanga tena. Akagundua kuwa kipande kidogo kikisogezwa pembeni kabisa huweza kulingana uzito na kikubwa kilicho karibu na katikati. Akajifunza kufinya jicho moja mpaka vitu vipoteze majina, vibaki vyeusi na vyeupe. Wiki ya nane mwalimu alisimama nyuma yake muda mrefu, hakusema neno, akapita. Mzee alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Jumamosi moja, wakati wa mapumziko, mwanamke wa kwenye kiti alimletea kikombe cha chai.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.” Alipokea bila kuinua macho. Alikuwa akipima kwa penseli upana wa dirisha.

“Samahani kukuuliza. Una watoto?”

“Ninaye mmoja. Binti.” Akapandisha sauti kidogo, mwalimu asikie. “Ana kichwa huyo! Kanipita mbali.”

“Mnaonana?”

“Kila wiki,” alisema, akimtazama mwalimu aliyekuwa akifuta ubao. “Ila yeye bado hajanijua. Namtafutia siku nzuri.”

Mwanamke aliinama kidogo, amwone usoni.

“Pengine anakujua,” alisema.

“Wewe utajuaje?” Mzee alimrudishia kikombe kikiwa nusu. “Tafadhali, unaniziba mwanga.”

Jumamosi ya mwisho ilikuwa ya mtihani. Kila mmoja achore chumba kama kilivyo: dirisha, meza, jagi, kiti na mwanamke. Saa moja ikapita. Mwalimu akaja, akainama juu ya kazi ya mzee.

“Karibu sana,” alisema polepole. “Lakini kuna kitu kimoja kimezidi. Kitoe, picha itapumua. Sikwambii ni kipi.”

Mzee akafinya jicho moja. Dirisha lilileta mwanga. Meza ilishika chini. Jagi lilikuwa dogo, zuri, mahali pake. Akachukua kifutio, akaanza na kichwa, akashuka mabegani, akamaliza na mikono. Kikabaki kiti kitupu chini ya mwanga.

Pale mbele mwanamke aligeuza shingo.

“Tulia, dada,” mwalimu alimwambia. “Dakika tano tu.”

Zilipokwisha, mwalimu alizitundika picha zote saba ukutani. Alisimama mbele ya ile ya mzee, mikono nyuma.

“Sasa umeelewa,” alisema. “Wengine wote niliwaambia hivyo hivyo, wakatoa jagi.”

Mzee alikwenda kunawa mikono, akanawa na uso pia. Aliporudi darasa lilikuwa limetawanyika. Mwalimu alikuwa peke yake akikusanya penseli. Mzee akamwambia yote, hata ya zile ngazi, bila kujitetea. Alipofika mwisho alikuwa akilia.

“Mzee wangu,” mwalimu alisema kwa upole asiouzoea, “baba yangu yuko chini kwenye gari, ananisubiri. Hunileta na kunirudisha kila Jumamosi.”

“Haiwezekani. Dada yangu aliniambia yuko hapa. Kila Jumamosi.”

Mwalimu aligeuka kuutazama ukuta. Picha zilikuwa sita.

“Yule dada wa kitini ameniaga sasa hivi, amesema harudi tena,” alisema. “Aliomba picha moja ya kuweka nyumbani kwake. Nikamwambia achague mwenyewe. Akasema, ‘Nipe ya baba.’ Nikadhani anakuheshimu tu.”