Maoni Kwenye Karatasi ya Nyuma

Katika soko la Nyakahura, mwenye meza ya riwaya hakupi kitabu kingine mpaka uandike maoni nyuma ya kile ulichorudisha.

Leo Scolastica aliikuta tena ile ya mwanamume aliyerudi baada ya miaka saba, wauaji wakimfuata, akabisha hodi kwa mpenzi ambaye yeye mwenyewe alimkimbia. Akafunua nyuma, aone alichoandika mwezi wa nne.

“Asimfungulie. Akae hukohuko alikokwenda.”

Chini yake, kwa kalamu nyekundu: “Nimekusikia.”

Herufi k ilikuwa na mkia uliojikunja kama ndoano. Mwandiko huo ndio uliokuwa kwenye barua za mpenzi wake kutoka Kaniha, kabla hajaondoka bila kuaga.

“Huyu alikuja lini?” akamuuliza mwenye meza.

“Mwezi wa sita, dada. Aliuliza kama bado unaishi nyuma ya kanisa, akaomba kitabu ulichowahi kuandikia maoni. Alikirudisha palepale, akapanda basi.”

Scolastica akakaa juu ya gunia. Siku ile ya mwezi wa nne aliandika harakaharaka, apate kitabu kingine. Riwaya yenyewe aliishia pale yule mwanamume anapobisha hodi.

Akautafuta ukurasa ule, akaufunua uliofuata. Mwanamke wa riwaya alishafika mlangoni, anatoa komeo.