Viganja vya Mwashi

"Nyumba inazunguka," alisema, akafumba macho. Ulikuwa uongo. Nyumba ilikuwa imetulia tuli.

Mumewe, mwashi, alikuwa mlangoni akivua viatu vya kazi. Alikuja kitandani mbiombio, mguu mmoja ukiwa bado na kiatu.

Tangu tabibu aanze kumchoma zile sindano nyembamba kama unywele, kwenye paji la uso na mikononi, ili kuzuia kipandauso, hakikuwa kimerudi hata mara moja. Kizunguzungu nacho kilikwenda zake. Mwanzoni mumewe alimtania, "Karibu nyumbani, nungunungu wangu." Kisha utani ukaisha, na viganja navyo vikaisha. Zamani kichwa kilipomshika, mumewe alikishikilia katikati ya viganja vilivyokwaruza kwa saruji, mpaka dunia isimame. Siku hizi alikula, akageukia ukutani, akakoroma.

Leo viganja vilirudi. Alivipokea kama mwenye kiu.

"Si ulisema sindano zimekusaidia?"

"Zilisaidia."

Mumewe akamwinamia.

"Miaka yote ile nilikuwa silali, mke wangu. Usiku kucha nasikiliza pumzi zako tu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kupata usingizi."

Chozi la moto likamdondokea kwenye paji la uso, palepale inapoingia sindano ya kwanza.

Alitaka kumwambia. Lakini ili amwambie, ilibidi kwanza afumbue macho amtazame.