Zozote Tu

Fundi wa friji alikuwa ameshika pedi mbili za gemu, moja kila mkono, akizipima uzito kama mtu anayechagua viazi. Akaziweka chini, akachukua nyingine mbili. Muuzaji, kijana mwenye subira ya kuazima, akashusha pumzi.

Alikwisha kumweleza yote. Kwamba ile ya bei kubwa ni ya mashine za kuchomeka kwenye televisheni, ukiipeleka kwenye kompyuta itakununia. Kwamba isiyo na waya ni nzuri, ila chaji ikiisha katikati ya mechi patakuwa na kilio. Kwamba hii ndogo ya waya kompyuta inaitambua papo hapo, bila maswali. Fundi alisikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa, kisha akaanza upya.

"Kwani ni ya nani, mzee?" muuzaji akauliza.

"Ya Kipa wangu."

Akafafanua kwamba Kipa ni mwanawe, anaingia miaka kumi na mbili. Jina alipewa na mama yake, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuna mpira uliompita. Mikono bado midogo, kwa hiyo pedi isiwe kubwa.

Hakusema kwamba mama mwenyewe walimzika mvua zilipoanza. Zamani kila jioni mama na mtoto walikaa mbele ya kompyuta wakicheza mpira, wanataniana, wanasukumana, na fundi yuko nyuma yao anasubiri zamu isiyofika. Akitaka kuuliza jambo la mtoto, mkewe humwambia: wewe jua friji zako, Kipa niachie mimi. Naye akamwachia, tena kwa raha zote.

Sasa wamebaki wawili, wanasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Mtoto anakula anachopewa, anaosha sahani yake, anafunga mlango. Fundi alijaribu mizaha, haikuchekwa. Alinunua viatu vipya, akaambiwa asante. Jamani, kuna asante ya mtoto inayouma kuliko tusi. Alikuwa anampoteza na huyu pia, naye anaona kwa macho yake, na hajui ashike wapi.

Asubuhi ile Kipa alisema tumbo linamuuma, haendi shule. Fundi akajua ni huzuni tu, maana hata yeye huzuni humkaa tumboni. Akamchemshia chai, akaenda kazini shingo upande.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya mteja, anajaza gesi, simu ilipolia mfukoni. Ujumbe wa Kipa: Baba, uninunulie pedi.

Aliusoma mara mbili. Tangu msiba, mtoto hakuwa amemwomba hata kalamu. Na pedi yenyewe aliijua vizuri. Ile ya nyumbani kijiti chake cha kushoto kimekufa, wachezaji wanakimbilia pembeni wenyewe, naye ameahidi kuitengeneza tangu mkewe yu hai. Mganga hajigangi. Akaandika haraka: Ya aina gani, Kipa?

Jibu lilikawia. Kisha likaja: Zozote tu. Na uwahi baba.

Hapo ndipo moyo ulipomruka. Hakuandika 'yoyote', aliandika 'zozote'. Moja ya mtoto, na nyingine ya nani kama si yake? Kipa anamwita akae kwenye kile kiti cha mama yake. Fundi alimwomba mteja radhi, akaapa kwamba atarudi, akatoka mbio mikono ina grisi.

Basi dukani hakutaka zozote, alitaka zilizo bora. Mwisho akachukua mbili za waya, ndogo, moja nyeusi na moja ya buluu, ili wasigombanie. Halafu, kwa aibu kidogo, akauliza kitufe cha kupigia shuti ni kipi. Muuzaji akamchomekea kwenye kompyuta ya dukani, akamfundisha kupiga pasi, kukaba, kupiga kona. Wakakaa hapo kitambo. Fundi akafunga bao moja, la kujifunga, wakacheka wote wawili mpaka wateja wakageuka. Alikuwa hajacheka siku nyingi, na alitoka dukani akijiona mtu.

Nyumbani mlango wa chumba cha Kipa ulikuwa umefungwa. Akabisha, akasema zimepatikana.

"Ziache hapo mlangoni, baba," sauti ikajibu kutoka ndani.

Fundi akatabasamu. Akasema leo hapana, leo hamwachii mtu kitu mlangoni, aje sebuleni waone pamoja. Akaenda kuwasha kompyuta, akachomeka pedi zote mbili, zikawaka taa bila ubishi, kama alivyoahidiwa. Akavuta viti viwili. Cha kulia kilikuwa cha marehemu. Akakiangalia, akakaa.

Ilipita dakika kadhaa kabla mlango haujafunguliwa. Kipa alikuja polepole, ameshika ukuta, shuka la kitanda amelifunga kiunoni. Akaviona viti. Akaziona pedi mbili mezani. Fundi akampa ile ya buluu, akamwambia ajiandae, leo atafungwa mabao mpaka akome.

Mtoto hakuipokea.

"Si hizo, baba," alisema. "Natoka damu tangu asubuhi, na sijui mama alikuwa anafanyaje."