Lugha ya Kidole cha Mwisho

Shekue mkalimani alijua lugha kumi na tisa, na wasema hata kuku wa mji ule walimwitikia salamu. Asubuhi moja alimposa Bi Mwanatenga, mjane muuza vitumbua.

"Niambie kwa lugha ambayo hujawahi kumdanganya mtu nayo," akajibu Bi Mwanatenga.

Shekue akahesabu vidole vya mikono, akavua viatu akahesabu na vya miguu. Lugha zote zikakataa, kikabaki kidole kimoja.

"Basi nifundishe ya kwenu."

Bi Mwanatenga akamnong'oneza maneno matatu. Shekue akapiga goti, akayatamka kwa sauti. Wateja waliotoka kwao mama yule wakacheka mpaka chai ikawapalia.

"Umesema, 'Mbuzi wangu amepotea,'" Bi Mwanatenga akamweleza. "Nawe, bwana, mbuzi huna. Hata hii umeshadanganya nayo!"

Shekue akavaa viatu, akaenda moja kwa moja kwa wauza mbuzi.

Adhuhuri alirudi anahema, kamba tupu mkononi. Akapiga goti palepale, akayarudia maneno yale matatu.

Bi Mwanatenga akaweka upawa chini. Kwa mbali, mtaa wa tatu, mbuzi akalia.