Nungunungu Aliyetaka Kuliona Shimo Lake

Siku Tumbusi alipoanza kuuza safari za roketi, Nungunungu alikuwa na shimo alilolisifu kila alikopita. Akatamani kuliona kutoka juu, ahakikishe kwamba halina mfano.

"Ila nauli sina," alisema.

"Nauli ya nini, mzee mwenzangu? Nipe pa kurukia tu. Hapa juu ya shimo lako panafaa sana."

Mkewe akauliza kama udongo utahimili.

"Mama Miba, haya ni mambo ya anga," alijibu Nungunungu. Mkewe akawatoa watoto nje.

Roketi ikanguruma, ikapaa. Huko juu Nungunungu akabandika pua dirishani, kama tufanyavyo sisi wapenda safari, akitafuta kwake. Aliliona shimo la Mhanga, la Ngiri, hata lile la Sungura alilokuwa akilicheka.

"Langu liko wapi?"

"Pale penye vumbi," alisema Tumbusi kwa upole. "Limetitia tuliporuka."

Aliporudi, aliwakuta mkewe na watoto wamejikunyata juani, wao waliozoea giza.

"Enhe, Baba Miba, umeona nini?"

"Nimeona mashimo ya watu wote," alisema, akakaa kando yao.