Tiketi Chini ya Kambare

Bi Ernestine alipoiona kofia ya polisi mlangoni, alisukuma bunda la tiketi chini ya sinia la kambare wa kukaanga, akajifuta mikono kwenye aproni kama mtu asiyejua lolote.

Ukumbi mzima wa kanisa ukageukia samaki. Foleni iliyokuwa ikinong'ona "na mkate wa mahindi, miwili," yaani tiketi mbili, ghafla ikawa foleni ya watu wenye njaa tu.

Kila mtu katika kijiji kile cha Karolina Kusini alijua tangu utotoni kwamba bahati nasibu ni kosa kisheria, hata ikichezeshwa na kanisa. Na kila mtu alikuja. Hata Shemasi Rufus, ambaye kikapu cha sadaka kikimkaribia hushikwa na kikohozi, alikuwa ameshanunua kumi, akichekelea kama mtoto aliyeiba sukari.

Mshindi angepata mfarishi wa viraka uliotundikwa ukutani. Kanisa lingepata injini. Gari lililokuwa likiwapeleka wazee mjini kusafishwa figo lilikuwa limelala nyuma ya jengo, majani yameshafika kwenye milango. Vashti, mdogo wake Bi Ernestine, wiki hii alibebwa na pikapu ya jirani. Wiki ijayo jirani hayupo.

Mchungaji aliwahi kutaka kuiandikia serikali ya jimbo kuomba ruhusa. Bi Ernestine akamkatalia katakata: "Serikali imelala, Mchungaji. Tusiiamshe."

Thaddeus, yule polisi, akaja moja kwa moja mpaka mezani. Bi Ernestine ndiye aliyemfundisha shule ya Jumapili, lakini leo uso ule haukuwa wa mwanafunzi.

"Bi Ernestine, unauza nini?"

"Samaki, mwanangu. Kaa ule, umekonda kama ufagio."

"Na chini ya samaki?"

"Mafuta."

Mtu akacheka. Thaddeus akainua sinia. Tiketi hizo hapo, zimelowa. Vashti akafumba macho.

"Nina neno nawe," Thaddeus akasema. "Na hawa wote ni vizuri walisikie."

Bi Ernestine akaitupia jicho foleni. Neno hilo likisikika humu, injini ndiyo basi tena. Akamkamata mkono, akamburuta jikoni, akafunga mlango na kufungulia bomba maji yamwagike kwa kelele.

"Sema sasa. Polepole."

"Sheria ilibadilika mwaka juzi, Bi Ernestine. Bahati nasibu ya hisani ni halali. Mnajificha bure. Ngoja nikawatangazie."

Bi Ernestine akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Najua ilibadilika. Nyamaza, ukisema ni halali utanifukuzia wanunuzi." Akamnyooshea mikono yote miwili. "Nitie pingu, unipitishe taratibu mbele ya foleni. Tiketi bado nyingi."