Chupa ya Mzee wa Mlango wa Pili

"Mama, divai iko wapi?"

Katunge aliinua chupa juu ya sinki. Lebo ilikuwa ileile, imeloa, lakini ndani mlikuwa na kitu kizito cha rangi ya kahawia.

"Ilikuwa imeharibika, mwanangu. Chungu, na chini imejaa machicha. Nikamwaga, nikaosha chupa, nikatia asali niliyotoka nayo Kitui. Chupa nzuri hivi haitupwi."

Imeharibika! Miaka arobaini mzee Mwitaliano, jirani yao huku ughaibuni Etobicoke, aliitunza chupa hiyo, ya mwisho kutoka shamba la mizabibu la baba yake, lililokwisha kuuzwa. Alimpa Katunge amfichie, yeye mwenyewe asije akaifungua kabla ya kutimiza miaka themanini. Leo ametimiza.

"Mama, wewe! Kuosha, kuosha tu! Hata kuuliza kulikushinda?"

"Nimuulize nani, nawe unashinda kazini?" Mama akaifuta shingo ya chupa kwa ncha ya leso. "Na hiyo si asali ya dukani. Ni ya mizinga ya marehemu baba yako. Shamba limeshakatwa ploti. Hakuna nyingine."

Mlango ukagongwa, Katunge akaenda kuufungua. Mzee alisimama pale na suti yake, ameshika glasi tatu.

Katunge akarudi jikoni, akatoa vijiko vitatu.